Sauti Yangu Katika Mnara wa Tucum

10 Novemba

Zoezi la dharura la mtambo wa nyuklia limekwisha, na tumepongezwa. Tangu asubuhi nilikaa katika chumba cha habari cha manispaa, kipaza sauti mbele yangu, fulana ya njano ya zoezi ikinibana kwapani, nikisoma kila karatasi niliyoletewa. Redio zote za ghuba zilikuwa zikinirusha. Mchana Dokta Hermógenes, mkuu wetu, aliniletea karatasi ya mwisho akiishika kwa mikono miwili. Ni daktari wa nini sijui. Huku kwetu kila mwenye tai ni daktari. Nikasoma kwamba wakazi wa Tucum wameondoka kwa utulivu, kwa kufuata maelekezo, na wamefika salama katika uwanja wa mpira. Wakaguzi kutoka mji mkuu wakapiga makofi. Tukagawiwa mikate ya jibini na juisi ya mabibo.

Tucum ndiko nilikozaliwa. Ni vibanda vichache na nyumba za matofali zilizobanwa kati ya mlima na bahari, na baba yangu bado anaishi huko peke yake tangu Mama afariki. Niliposoma sentensi ile nilimwona akilini akipanda basi na kofia yake ya majani, mzee mbishi kama yule, amekubali kuhama kwa sababu bintiye kamwambia. Nilijisikia raha kwelikweli.

Jioni nikampigia simu kumpa hongera.

"Nimekusikia redioni," akasema. "Umesema nimehama."

"Ndiyo, Baba. Basi lilijaa?"

"Basi gani, Jandira? Mimi nilikuwa nakula maharage. Au kahama Belmiro mwingine, mimi nikaachwa kulinda nyumba?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

11 Novemba

Nimekwenda Tucum kabla ya kazi. Nilimkuta Bi Cremilda akifagia mchanga mlangoni kwa kigenge chake cha bia na samaki wa kukaanga, na sikuhitaji kumuuliza mara mbili.

Kila tarehe kumi ya mwezi, saa nne asubuhi, ving'ora vya mtambo hulia kwenye minara yote ya ghuba ili kuona kama ni vizima. Kikinyamaza king'ora, inafuata sauti yangu, rekodi ya miaka mingi: hili ni jaribio la kila mwezi, endeleeni na shughuli zenu. Watu wamezoea mpaka wameligeuza saa ya jikoni. Tucum nzima hubandika maharage king'ora kinapolia, na Baba hasemi "tarehe kumi", husema "siku ya maharage ya mtambo". Jana kililia vilevile, na baada yake mnara wa Tucum ukasema kwa sauti yangu kwamba hili ni jaribio, endeleeni na shughuli zenu. Wakabandika maharage. Mabasi yakasimama juu barabarani, yakapiga honi kidogo, yakaondoka matupu.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia tukae," Bi Cremilda akaniambia, ufagio kiunoni. "Halafu mchana unatangaza tumehama. Leo umekuja kutuuliza tulikuwa wapi. Mwanangu, hiyo kazi inakulipa vizuri?"

Wateja wake wawili walikuwa wakinisikiliza wakitabasamu. Nilirudi mjini uso unawaka.

12 Novemba

Wanderlei wa ofisini kwetu ndiye anayesimamia minara. Sijawahi kumpenda: miguu juu ya meza, chupa ya soda ya guarana siku nzima, swali lolote anajibu kwa bega. Leo nimemkalia mbele mpaka akateremsha miguu.

Akanieleza. Rekodi ya jaribio hujicheza yenyewe tarehe kumi. Siku ya zoezi ilibidi kila mnara ubadilishwe, ucheze rekodi ya pili, ile ya kuhama. Mingine ilibadilishwa, wa Tucum ukasahauliwa. Nikamuuliza ni kichwa gani kilichopanga zoezi la dharura siku ileile na saa ileile ambayo watu wamefundishwa kutojali king'ora. Akasema mafundi hutoka mji mkuu kila tarehe kumi kwa ajili ya jaribio, ikaonekana si vizuri kuwasafirisha mara mbili.

Nikauliza kama Dokta anajua kuhusu Tucum.

"Nilimwambia palepale," akasema. "Maharage ya baba yako yalikuwa bado hayajachemka."

Kumbe wakati Dokta ananiwekea ile karatasi mbele yangu, alikuwa anajua. Nimeandika hapa, nikafunga daftari, nikalifungua tena. Hasira haijanitoka. Si kwa sababu wamekosea, minara ni vyuma na vyuma hukosea. Ni kwamba waliuchukua mdomo wangu wakautumia kumdanganya baba yangu mara mbili katika siku moja.

13 Novemba

Nimeingia kwa Dokta bila kubisha hodi. Alinikaribisha kahawa. Huyu bwana hajawahi kupandisha sauti tangu nimfahamu, na zamani nilidhani huo ni uungwana.

Akanieleza taratibu kwamba katika zoezi kila kitu ni mfano tu, na kwa mfano, watu wa Tucum walihama. Nikamwambia baba yangu hakula maharage ya mfano. Akasema nikiwa na hasira siwezi kuona picha kubwa. Nikasema ninachotaka ni sentensi moja tu redioni: kwamba mwezi huu mnara wa Tucum uliwaambia watu wakae wakati ulipaswa kuwaambia watoke, na kwamba hawakuhama. Basi.

"Tukitangaza kwamba mnara ulisema uongo," akasema, "siku ya dharura nani atauamini?"

"Waliusikia wenyewe, Dokta. Msiojua kwamba wanajua ni ninyi."

Ameahidi kulitafakari.

21 Novemba

Mvua. Hakuna sentensi.

28 Novemba

Mvua. Nimeuliza tena. Ameniambia "dada yangu, kila jambo na wakati wake". Mimi si dada yake.

5 Desemba

Kalenda za mwaka ujao zimefika, zile ambazo mtambo hugawa kila nyumba, zenye maelekezo ya dharura nyuma na picha kila mwezi. Picha ya Januari ni basi la zoezi, na chini yake pameandikwa: Wakazi wa Tucum wakihama kwa utulivu. Nimewatazama wakazi hao mmoja mmoja. Wa kwanza dirishani ni mhasibu wa manispaa. Nyuma yake ni dereva wa Dokta. Aliyenyoosha dole gumba ni mpwa wa meya, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukanyaga Tucum, maana hapapitiki kwa viatu vyake.

Na kuna jambo lililonichoma zaidi. Kwenye kalenda hii maelekezo kwa watu wa Tucum ni yaleyale: panda barabarani, subiri kwenye kituo cha mabasi. Hakuna aliyefika kuona kituo kiko wapi. Kiko chini ya ukuta wa mlima, na kila masika matope humwagikia benchi.

Baba ameitundika jikoni. Anasema picha ni nzuri, na anamtafuta Belmiro mwingine.

10 Desemba

King'ora. Maharage.

25 Desemba

Tumekula bata kwa Baba, mvua ikigonga mabati hata hatusikilizani. Nimemwomba ahamie kwangu mpaka masika yapite. Amesema alimimina zege la mtambo ule ujana wake, akala vumbi lake, na sasa mtambo unampigia saa ya maharage bure, kwa hiyo wako sawa. Nikamwambia siongelei mtambo, naongelea mlima. Akaniongezea bata.

9 Januari

Nimechoka kungoja. Wakaguzi walikuwa mjini kwa mambo yao, nikawafuata mgahawani, nikawaeleza yote mbele ya sahani zao. Mmoja, mama mwenye nywele fupi, aliacha kula. Mchana amri ikashuka: zoezi la Tucum lirudiwe kabla ya mwisho wa Machi, siku isiyotangazwa, na wananchi waelezwe sababu.

Niliandika tangazo mwenyewe, na ile sentensi yangu nikaiweka katikati. Dokta aliirudisha karatasi ikiwa imekatwa hapohapo katikati. Ikabaki kwamba zoezi litarudiwa Tucum siku yoyote, wananchi mnaombwa ushirikiano. Nikagoma kusoma. Akasema basi atasoma yeye. Akasoma, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto.

11 Januari

Tucum wamekasirika, na wana haki. Hawajaelezwa chochote, kwa hiyo wameelewa kwamba wanaadhibiwa. Bi Cremilda aliniuliza mbele ya kigenge kizima kama nitawapa ratiba ya kufa kwa mfano, ili wajue siku gani wavae nguo nzuri. Wengine wakaongeza. Wamekubaliana kwamba king'ora cha zoezi kikilia watakaa barazani na kupunga mikono. Baba naye amekubali kupunga.

Nilitaka kuwaeleza palepale, lakini nilipofungua mdomo mtu akaiga rekodi yangu: "Endeleeni na shughuli zenu." Wakaangua kicheko. Nilirudi nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na uhakika nimpe nani.

19 Januari

Mvua. Barabara imefunikwa na matope kilomita chache kusini. Imefunguliwa.

24 Januari

Mvua. Imefunikwa tena.

30 Januari

Wanderlei amenishangaza. Amekwenda Tucum kwa pikipiki yake kwenye mvua, akapanda mnara, akaifuta ile ratiba ya kujicheza, ili rekodi ya jaribio isiingilie tena. Hakuna aliyemtuma. Nilipomshukuru akapandisha bega.

6 Februari

Nimekaa darasani, shule ya Tucum, naandika juu ya dawati la mtoto. Nitaandika yote kama yalivyokuwa kabla hawajaniletea karatasi nyingine.

Ilikuwa siku ya tatu mvua haijapumzika. Simu zilikuwa zimekatika tangu alfajiri. Asubuhi nikiwa ofisini, msimamizi wa vibarua wa barabara aliita kwenye redio ya mkononi. Alikuwa kwenye kona iliyo juu ya Tucum. Alisema mlima umepasuka juu ya nyumba, ufa unaingia mkono, na migomba imeanza kuinama. Akaomba tuwatoe watu.

Njia ya kuwafikia ilikuwa moja tu, mnara. Dokta akasema minara ni ya mtambo, si ya mvua. King'ora kikilia nje ya tarehe kumi, ghuba nzima itadhani mtambo umepasuka, watu watakanyagana barabarani. Akashika simu ya mezani kuomba kibali, na simu ilikuwa imekufa. Aliendelea kuishika sikioni. Nilimwangalia, na kwa mara ya kwanza sikumwona mwongo, nilimwona mtu anayeogopa kuulizwa. Lakini Baba alikuwa chini ya ufa ule, na sikuwa na nafasi ya kumhurumia mwingine.

"Dokta, ipigwe," nikasema. "Tucum peke yake."

Akapiga tena namba kwenye simu ileile. Wanderlei akabonyeza kitufe cha mnara.

Tukasikia kupitia redio ya msimamizi: king'ora, kisha sauti yangu, rekodi ya pili, safi, ya polepole, kama ya mhudumu wa ndege. Hii ni dharura. Zima gesi. Chukua vitambulisho vyako. Elekea kituo cha mabasi barabarani.

Ile rekodi ilikuwa inawapeleka chini ya mlima. Nilikuwa namtuma baba yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye benchi lile.

"Wanatoka?" Wanderlei akauliza redioni.

"Wamekaa barazani," msimamizi akajibu. "Wananipungia mikono. Kuna mama anacheza samba na ufagio."

Walidhani ni zoezi lile la kurudiwa. Nani angewalaumu? Tuliwaambia litakuja siku yoyote, na hili hapa. Sikujua nimshukuru Mungu kwamba hawakutii au nipige kelele kwamba hawakutii.

Nikamuuliza Wanderlei kama mnara unaweza kunichukua moja kwa moja, bila rekodi. Akasema ipo njia, haijawahi kutumika, na kibali chake ni cha Dokta. Alisema hivyo huku mkono wake unaifungua. Taa nyekundu ikawaka. Nikaongea, na niliyoyasema nayakumbuka, kwa sababu hakuna aliyeniandikia.

"Tucum, ni mimi Jandira wa Belmiro. Hii si rekodi na si zoezi. Mtambo ni mzima. Ni mlima, umepasuka juu yenu. Niliyowaambia sasa hivi ni makosa: mtu asipande barabarani. Shukeni ufukweni, nendeni shuleni, sasa hivi, na mtoto mkononi. Mwezi wa kumi na moja mnara huu uliwaambia mkae, na ulipaswa kuwaambia mtoke. Wakubwa walijua wakanyamaza, wakanipa nisome kwamba mmehama. Mna haki ya kutucheka mwaka mzima, lakini mtucheke mkiwa shuleni. Bi Cremilda, weka huo ufagio chini. Baba, nakuona na kikombe chako. Kwa nini unanifanyia hivi, Baba? Nilikuomba Krismasi ukaniongezea bata. Inuka. Inuka, nimesema, kabla sijaja huko mwenyewe."

Nikanyamaza kwa sababu pumzi iliisha. Nikabandika sikio kwenye redio ya msimamizi: mvua tu.

"Mama ametupa ufagio," akasema. "Wanashuka."

Mlima ulikuja mchana, watu wote wakiwa upande huu wa ufuko. Umechukua nyumba za juu, umechukua jiko la Baba na kalenda yake, umemchukulia Bi Cremilda friji na bia zote. Kituo cha mabasi hakionekani kabisa, palipokuwa na benchi kuna mwamba mkubwa kama nyumba. Hakuna aliyezikwa.

7 Februari

Nilifika kwa mashua ya zimamoto jana na nimelala hapa. Baba amepewa godoro chini ya ubao. Asubuhi, tukinywa kahawa kwenye vikombe vya plastiki, nilimuuliza ni kitu gani kilichomwinua, maana msimamizi alisema yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Ile ya mwanzo nilijua ni mashine," akasema. "Ilikuwa na adabu. Mimi tangu uanze kutembea hujawahi kuniambia neno kwa upole namna ile. Halafu ukaja wewe, ukawa unanigombeza mbele ya watu wote. Nikajua ni mwanangu, na kwamba unaogopa."

Kisha akauliza kama kuna maharage.

8 Februari

Dokta amekuja shuleni na waandishi wa habari, viatu vyake vimejaa matope, na karatasi. Alinipa nisome mbele ya kamera. Sentensi ya kwanza: Wakazi wa Tucum wameondoka kwa utulivu, kwa kufuata maelekezo.

Ilikuwa ileile ya Novemba, wala hawakubadilisha nukta. Nikaisoma mpaka mwisho kwa sauti yangu ya rekodi. Kisha nikasema, "Hiyo si kweli, na hii ni mara ya pili mnanipa niiseme." Nikaeleza yote, tangu maharage mpaka benchi. Bi Cremilda alikuwa nyuma ya kamera. Nilipofika kwenye kicheko chao cha Januari aliangalia chini, na nilipomaliza akapita katikati ya waandishi akaja kunifunga vizuri kitambaa cha kichwa kilichokuwa kinalegea.

Dokta alisikiliza hadi mwisho. Waandishi walipomgeukia alifungua mdomo, akanitazama, akasema, "Ni kama alivyosema." Sijamsamehe. Lakini sentensi yake hiyo nimeiandika.

10 Februari

Hakikulia. Watu wamenipigia simu kuuliza wabandike saa ngapi.

12 Machi

Mvua imekatika. Wakaguzi wamerudi, yule mama wa nywele fupi anawaongoza. Jaribio la kila mwezi litakuwa na mlio wake, mwingine kabisa, na kituo cha kukusanyikia cha Tucum sasa ni shule. Imebaki rekodi ya pili, na imeagizwa isomwe upya.

Tumerekodi leo. Dokta alipendekeza sauti ya kutuliza, nikamwomba akae nje. Wanderlei akawa kwenye mashine, na Baba, anayeishi kwangu sasa na kulalamikia kila kitu, nikamkalisha kwenye kiti kando ya mlango, kofia yake mpya juu ya magoti. Nikamwambia asikilize tu.

Nikasoma mara ya kwanza. Wanderlei akaicheza. Baba aliangalia dirishani.

Nikasoma tena, kwa nguvu. Baba alikuna kidevu, akasema imekuwa nzuri, nimetamka vizuri.

Nikafumba macho. Nikamwona kwenye lile benchi. Nikasoma mara ya tatu, maneno yaleyale, sauti ikanipasuka katikati na sikuirudia. Wanderlei akaicheza.

Kabla haijafika mwisho, Baba alikuwa amesimama, kofia kichwani, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Hiyo," akasema Wanderlei, na akaihifadhi.